Msituhesabie Taa, Tuhesabieni Uniti



Wengi mlitarajia mwezi huu tuendelee na hina na mavazi ya akdi. Yatakuja, inshaallah. Lakini kuna jambo tumelivumilia muda mrefu na leo tunalisema. Mashirika ya umeme, hapa kwetu na ng'ambo, pamoja na wafadhili wanaoyashika mkono, yana mtindo wa kuleta programu za kupunguza matumizi ya umeme majumbani na kwenye biashara, kisha kujipa alama yenyewe. Taa kadhaa zimegawiwa. Semina kadhaa zimefanyika. Akina mama kadhaa wamehudhuria, na picha zipo, kila mmoja kashika taa yake mkononi kama tunda. Ukiuliza kama umeme uliotumika umepungua, unajibiwa umepungua, kwa sababu taa zimegawiwa.

Hiyo si tathmini. Ni mwenye duka anayekwambia pishi imejaa kwa kuwa kaimimina yeye. Sisi tuliohifadhi Suratul Mutaffifin tungali wadogo chuoni tunajua Mola wetu amelionya vipi suala la vipimo, na hakuna aliyetuambia kwamba onyo lile ni la wauza mchele peke yao.

Bibi harusi usiondoke, maana hili linakuhusu kuliko linavyomhusu mhandisi. Matumizi ya umeme ya nyumba yako hayaamuliwi siku unayozima taa ya barazani. Yanaamuliwa ile wiki ya kutia vyombo. Wiki ile friji inaingia, kiyoyozi kinatobolewa ukutani, heta ya maji inafungwa, pasi, birika, mashine ya kufulia, na zawadi za mashangazi zisizokwisha. Baada ya hapo unaishi na vitu hivyo miaka kumi au zaidi, na kila asubuhi mita inakudai. Ndiyo maana programu hizi zinakutafuta wewe kwa jina la "mwanamke, mlinzi wa nishati nyumbani", na ndiyo maana una haki ya kuuliza zinapimwa vipi.

Tufanye hesabu ndogo, haina ugumu. Taa ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa tano kila usiku, inakula uniti 9 kwa mwezi. Taa ya LED ya wati 9, kwa saa hizo hizo, inakula uniti 1 na kidogo. Kwa hiyo taa mpya ni jambo jema, hatubishani. Sasa chukua kiyoyozi cha kawaida cha chumba cha kulala, kile cha BTU 12,000. Mashine yake ikiwa inazunguka, kinakula takriban uniti 1 kwa kila saa. Usiku mmoja wa joto la Februari unaweza kumeza alichokiokoa mwenye taa kwa mwezi mzima. Mtu akija nyumbani kwako na taa mbili za bure, akaandika kwenye daftari kwamba nyumba hii "imefikiwa", na wiki hiyo hiyo kiyoyozi kimefungwa, basi daftari lake na mita yako haviongei lugha moja.

Tunajua watasema hayo ni maneno ya wanawake wa barazani. Basi tuende Mexico, kwa sababu Mexico walifanya jambo kubwa, na wapo watu waliokwenda kulipima kwa uadilifu.

Kati ya 2009 na 2012 serikali ya Mexico iliwasaidia wenye nyumba kubadilisha friji na viyoyozi vikuukuu. Unatoa cha zamani chenye umri usiopungua miaka 10, kinakwenda kuharibiwa, unapata kipya kinachotumia umeme kidogo, kwa ruzuku na kwa mkopo unaorejeshwa kupitia bili ya umeme. Nyumba zipatazo milioni 1.9 ziliingia. Kwa hesabu za kugawa, huo ni ushindi mkubwa kabisa. Kisha watafiti watatu, Lucas Davis, Alan Fuchs na Paul Gertler, wakachukua kumbukumbu za bili za wateja wote wa majumbani nchini humo, wakazilinganisha nyumba zilizobadilisha na zile ambazo bado. Friji mpya ilipunguza matumizi ya nyumba kwa asilimia 8, kama uniti 11 kwa mwezi. Si haba, lakini hiyo ni robo tu ya kile kilichoahidiwa kwenye makaratasi kabla programu haijaanza. Na viyoyozi? Nyumba zilizobadilisha viyoyozi zilitumia umeme mwingi zaidi kuliko mwanzo.

Ndiyo, zaidi. Serikali ilitoa fedha ili umeme upungue, na umeme ukaongezeka.

Mwanamke yeyote aliyewahi kununua friji anaweza kukueleza kwa nini, bila ya digrii. Kwanza, friji mpya mara nyingi ni kubwa kuliko ile ya zamani, ina milango miwili, ina sehemu ya barafu, na ukubwa ule unakula sehemu ya ile nafuu. Pili, kiyoyozi kilichokuwa ghali kukiwasha ulikiwasha saa moja watoto wakilala, ukazima. Kikija kipya kisichokula sana unakiacha mpaka alfajiri, kwa sababu sasa unamudu. Wala hatuwalaumu wanawake wa Mexico. Joto ni joto, na kulala vizuri ni neema. Tunachosema ni kwamba wahandisi walipiga hesabu ya mashine, hawakupiga hesabu ya watu. Walimchukulia mwenye nyumba kama mtu ambaye hatabadilika baada ya mashine kubadilika.

Hili ndilo tunalotaka mlishike. Kuna hesabu ya kiwandani, na kuna hesabu ya mita. Hesabu ya kiwandani inasema friji hii inatumia kiasi hiki kwa mwaka, ile kiasi kile, toa, zidisha kwa idadi ya friji, hiyo ndiyo akiba. Hesabu ya mita inasubiri mwaka, inakwenda kwenye nyumba iliyopata na nyumba inayofanana nayo ambayo haikupata, inasoma mita zote mbili. Ya kwanza ni rahisi, ya haraka, na daima inapendeza. Ya pili ina gharama na inaaibisha. Haishangazi kwamba ya kwanza ndiyo inayosomwa kwenye hafla.

Michigan, Marekani, waliipima programu ya serikali ya kukarabati nyumba za watu wa kipato cha chini ili zisipoteze joto wakati wa baridi. Huko adui ni baridi, siyo joto letu, lakini somo linavuka bahari. Meredith Fowlie, Michael Greenstone na Catherine Wolfram walifuatilia zaidi ya familia 30,000. Hesabu za kompyuta ziliahidi akiba ambayo ni zaidi ya mara 3 ya ile iliyoonekana kweli, na gharama za ukarabati zilikuwa kama mara 2 ya thamani ya nishati iliyookolewa. Lakini sisi kilichotugusa zaidi ni jambo jingine katika utafiti ule. Ukarabati ulikuwa bure. Familia zikapigiwa simu, zikagongewa mlango, zikasaidiwa kujaza fomu. Bado waliokubali na kufika mwisho ni kama asilimia 6 tu ya walioshawishiwa.

Bure, na watu hawakuja! Mwenye haraka atasema watu ni wajinga. Mwenye nyumba atauliza: fomu zilikuwa ngapi? Nani alibaki nyumbani kumsubiri fundi? Nani alihamisha vitu, akafagia vumbi, akamwangalia mtoto huku mtu asiyemjua anapita vyumbani? Muda wa mwanamke haumo katika hesabu za hawa watu. Hapa kwetu kuna na stara. Fundi mwanamume hawezi kuingia ndani wakati mume hayupo, kwa hiyo ziara inaahirishwa, na kwenye ripoti nyumba ile inaandikwa "haikutoa ushirikiano". Hapana. Nyumba ile ilitoa adabu, nyinyi hamkuleta fundi mwanamke.

Na hapo hatujafika kwenye mkopo. Mtindo unaosifiwa sana siku hizi ni huu wa kuchukua kifaa leo na kulipa kidogo kidogo kupitia bili au kila unaponunua umeme. Kwa mtu asiye na fedha taslimu ni wazo zuri. Lakini ukiweka riba juu yake, umeshawafungia mlango wanawake wengi wa visiwa hivi, na umewafungia wale hasa waliokusudiwa, maana mwenye fedha hakuhitaji mkopo wako tangu mwanzo. Halafu tathmini inakuja kuandika kwamba mwitikio ulikuwa mdogo kwa sababu ya uelewa mdogo. Uelewa mdogo wa nani? Tunafahamu sana. Tumekataa kwa sababu tunafahamu. Mauziano ya bei moja inayojulikana, unaoneshwa faida ya muuzaji mwanzoni na unalipa kwa awamu bila ya nyongeza ukichelewa, ni jambo linaloeleweka na benki zenye huduma za Kiislamu zinalifanya kila siku. Shirika la umeme likitaka kujua programu yake ya mkopo inafaa au haifai Zanzibar, liulize kwanza wangapi walifika mlangoni wakarudi kwa ajili ya riba. Swali hilo kwenye fomu ni mstari mmoja tu.

Tuje kwenye biashara, na hapa tunaomba radhi kama sauti itapanda kidogo.

Programu za biashara huwa zinaanza na ukaguzi wa nishati. Mtaalamu anakuja, anapima, anaandika ripoti, anapendekeza vifaa, na shirika linachangia gharama. Nani anaupata ukaguzi huo? Anaupata mwenye hoteli kubwa, kwa sababu yeye ana mhandisi wa kumpokea mtaalamu, ana ofisi ya kukaa na ana bili moja kubwa inayopendeza kwenye ripoti. Kwa mtazamo wa nambari hilo si kosa. Vyumba mia vyenye viyoyozi ni umeme mwingi kuliko mtaa mzima. Lakini hoteli ile ingebadilisha taa zake hata bila ya senti ya mtu, kwa sababu mhasibu wake ameshaona kwamba inalipa. Ukimpa ruzuku mtu kwa jambo ambalo angelifanya kesho kwa fedha zake, hujaokoa uniti hata moja. Umempa zawadi tu, na zawadi hiyo imetoka kwenye bei ya umeme tunayolipa sote.

Huyu wa pili, mama mwenye friza ya mtumba kwenye ukumbi wa nyumba yake, anayeuza barafu, juisi ya ukwaju na malai kwa watoto wa skuli, yeye hana mhandisi. Friza yake mpira wa mlango umelegea, hewa ya baridi inatoka usiku kucha. Biashara yake nzima inaingia umeme na kutoka umeme. Mpira mpya wa mlango, na friza kuvutwa kidogo kutoka ukutani ili nyuma ipate hewa, ungemwachia faida inayoonekana mwisho wa wiki. Mshonaji mwenye pasi inayokaa moto kutwa, mwenye saluni na mashine zake za kukaushia nywele, mpambaji wa mabibi harusi anayekodisha ukumbi na kiyoyozi chake, hao wote ni biashara. Kwenye daftari la shirika wengi wao ni "wateja wa majumbani", kwa kuwa mita iko nyumbani na pengine ina jina la baba mkwe. Programu ya nyumba inawapa kipeperushi. Programu ya biashara haijui kama wapo. Wanaanguka katikati, na ripoti zote mbili zinasema zimefanikiwa.

Nani basi apime? Hili nalo lina historia. California ni mahali panaposifiwa duniani kwa programu za aina hii, na huko kampuni za umeme ziliwekewa utaratibu kwamba zikifikia malengo ya kuokoa nishati zinalipwa bonasi. Kwa programu za 2006 hadi 2008 wapimaji wa tume ya udhibiti walikuta akiba iliyo chini sana ya ile iliyoripotiwa na kampuni zenyewe. Kukawa na mvutano mrefu, na mwisho, Disemba 2010, tume ikaamua kuzilipa bonasi hata hivyo. Kama hayo yanatokea mahali penye wapimaji, wanasheria na magazeti ya kutosha, sisi tunaambiwa tuamini ripoti ambayo shirika limejiandikia kwa sababu gani hasa? Mpimaji asilipwe na anayepimwa. Kazi hiyo kwa Zanzibar ina mwenyewe: ZURA ipo kwa ajili ya kudhibiti huduma za maji na nishati. Nambari za tathmini zipite kwake, zikaguliwe, zitolewe hadharani kwa Kiswahili, kabla ya bei ya umeme kuzungumzwa.

Sasa kuna dada zetu watakaosema: kwa nini mnahangaika, si kila mtu abane matumizi kwake, israfu ni haramu, mambo yaishe? Israfu tunaijua, na kila mmoja ataulizwa kuhusu yake. Ila tumechoka na mawaidha ya israfu yanayomkuta mwanamke na pasi yake peke yake, na hayamkuti mwenye kuwasha taa za bustani ya hoteli mpaka jua limetoka. Na kuna sababu nyingine ya kuhangaika, nayo ni bahari.

Umeme wa Unguja unakuja chini ya maji kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Waya wa kwanza uliwekwa 1980, uwezo wake megawati 45. Wa pili, wa megawati 100, ulikamilika 2013 kwa fedha za msaada wa Marekani. Pemba ilipata wake kutoka Tanga 2010. Wenye umri wetu hawahitaji kukumbushwa Mei na Juni 2008, takriban mwezi mzima wa kiza, wala Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu. Wenye hoteli waliwasha jenereta. Pampu za maji zilisimama, na ndoo zikarudi vichwani. Vichwa vya nani, mnajua wenyewe. Kuna mabibi harusi wa msimu ule waliotiwa hina kwa mwanga wa kandili, na leo wanasimulia kwa kucheka, alhamdulillah, lakini hawakucheka siku ile.

Kwa kisiwa kinachokunywa umeme kwa mrija mmoja au miwili, si kila uniti iliyookolewa ina thamani moja. Mzigo unapanda jioni: watu wamerudi, taa zimewaka, televisheni, pasi za nguo za kesho, viyoyozi vya wageni waliotoka ufukweni. Ramadhani unapanda kabla ya magharibi, majiko yote yako moto. Uniti iliyookolewa saa sita mchana haisaidii waya ule saa mbili usiku. Hapa ndipo tunapoisifu taa, tusije tukaonekana tunaichukia. Uganda, ilipobanwa na upungufu wa maji ya kuzalisha umeme, iligawa taa 800,000 za kutumia umeme kidogo mwaka 2007, na lengo lilikuwa saa za jioni hasa, kuupunguza mzigo kwa kama megawati 30. Hiyo ni programu iliyojua inataka nini na saa ngapi. Programu isiyosema saa haijafikiriwa mpaka mwisho.

Lazima tuseme na upande mwingine wa mizani, tusije tukapunja na sisi. Mita peke yake inaweza kudanganya. Mwanamke aliyeacha mkaa akaanza kupikia sufuria ya presha ya umeme, mita yake itapanda. Maharage yake yaliyokuwa yanakula mkaa asubuhi nzima sasa yanaiva kwa chini ya uniti 1, macho hayamwashi, kifua kimepumua, na mikoko na miti inabaki. Tanzania Bara imeweka mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, na lengo ni asilimia 80 ya wananchi kufikia mwisho wake. Ukimpima mwanamke huyu kwa uniti tu utasema programu imeshindwa, kumbe amefanikiwa kuliko wote. Kwa hiyo mpimaji aulize na gunia la mkaa: ulikuwa unanunua mangapi kwa mwezi, sasa mangapi? Baba mwenye jina kwenye mita hajui jibu la swali hilo. Anajua bei ya kujaza umeme, basi. Anayejua ni yule aliye jikoni, na mara nyingi hakuna anayemuuliza, kwa sababu fomu inasema "mwenye mita".

Tunajua pia ukweli wa friji za mtumba. Bibi harusi ambaye kwao hawana uwezo ananunua friji iliyotumika ng'ambo, bei nafuu, muuzaji anamwambia "hii ya Ulaya, ngumu". Ngumu kweli, na inakula umeme kama mgeni asiyejua kuondoka. Programu ya kubadilisha friji isipoiharibu ile ya zamani, basi ile ya zamani inahamia kwa mtu mwingine, pengine kwa mfanyakazi wa ndani wa nyumba ile ile, na kisiwa kinabaki na friji mbili badala ya moja. Mexico walau hilo waliliona, wakaziharibu. Yeyote atakayeleta programu hiyo hapa tutamuuliza friji kuukuu imekwenda wapi, na gesi iliyomo ndani yake imetolewa na nani, siyo ikatupwe jaani.

Kwako bibi harusi, wakati wakubwa wanabishana: soma karatasi iliyobandikwa kwenye friji kabla ya kusoma rangi yake. Inaonesha uniti kwa mwaka. Gawa kwa 12, zidisha kwa bei ya uniti, ujue utalipa nini kila mwezi kwa ajili yake. Friji ndogo ya watu wawili isiyo na madoido itakushinda kwa sifa mbele ya mashoga, lakini haitakushinda mwisho wa mwezi. Shangazi akiuliza akununulie nini, mwambie feni ya dari, inavuta umeme mdogo mno ukilinganisha na kiyoyozi, na vyote viwili vikiwepo utakuta kiyoyozi kinapumzika. Somo wako akufundishe na hili pamoja na mengine.

Na akija mtu wa programu mlangoni, taa mkononi, mpokee kwa uso mkunjufu. Chukua taa, ni neema. Kisha mwambie asubiri, leta daftari, mwoneshe uniti ulizonunua miezi 12 iliyopita, umwambie aziandike. Mwulize atarudi lini kuangalia miezi 12 ijayo, na jirani yako wa kushoto ambaye hakupata taa atapimwa na nani. Akisema hiyo si kazi yake, andika jina la programu na tarehe, ulipeleke kwa sheha, na utuletee na sisi. Tutayaweka yote pamoja, shehia kwa shehia, na nambari hizo tutazipeleka kwa wadhibiti siku watakapokaa kuzungumzia bei mpya.